Nzuri, Ila

Daftari lenyewe nilipewa bure, na mimi kitu cha bure sikitupi. Kampuni ya bima niliyokuwa nikifanyia kazi, pale Don Mills, Toronto, ilimleta mwanamke mmoja wakati wa chakula cha mchana atufundishe kupunguza msongo wa mawazo. Tuliambiwa kuhudhuria ni hiari, kisha meneja akasimama mlangoni akitazama nani kaja na nani hakuja. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kumbembeleza mtoto aliyekataa kulala. Alitugawia daftari zenye jua la njano kwenye jalada, akasema kila mmoja wetu atafute nafasi kidogo kila siku, akae peke yake, aandike siku yake ilivyokwenda. Msimwandikie mtu, alisema, andikeni tu. Mkiandika mtaona mnavyoishi, na mkishaona mtaweza kuchagua.

Nilitafuna mkate wangu nikamwona mpuuzi. Mimi na kuchagua wapi na wapi? Nilikuwa nikiamka gizani, naendesha gari kutoka Richmond Hill nikifuata taa nyekundu za magari ya wenzangu, nashinda na madai ya watu waliogongana kwenye theluji, kisha narudi gizani. Jumamosi nafua. Jumapili napiga simu nyumbani Tanga. Alhamisi jioni nakwenda kwenye kituo chetu cha dini, Thornhill, kugawa chakula baada ya majlisi, yaani kikao cha mawaidha. Mtu akiniuliza habari namwambia niko bize, naye ananitazama kwa heshima, maana Toronto kuwa bize ni cheo.

Ambalo sikulisema, na hapakuwa na aliyeuliza, ni kwamba nilikuwa mpweke. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilipanga besmenti, yaani chumba cha chini kabisa cha nyumba ya watu, chenye kidirisha juu ukutani. Majira ya baridi theluji ilikiziba kile kidirisha nikawa sijui kama nje kumekucha. Wenye nyumba niliwajua kwa nyayo zao tu: baba ana haraka, mtoto anaburuta miguu, mama anarudi jikoni kila mara kama aliyesahau kitu. Nao nadhani walinijua kwa harufu ya vitunguu vyangu. Tulikuwa tukipungiana mikono tukikutana nje na majembe ya kuondolea theluji, basi.

Siku niliyoandika mara ya kwanza nilikuwa kwenye gari, katika maegesho ya ofisi. Foleni ilikuwa nyepesi nikafika kabla ya wakati, na kuingia ofisini mapema sikutaka, maana ukiingia mapema wanakuzoea hivyo. Hita ilikuwa inavuma na chai ya maziwa imo kwenye chupa. Wino wa kalamu ulikuwa umeganda kwa baridi, ikabidi niitie kwapani ipate joto. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza, na mkono ukaenda wenyewe. Juu kulia nikaandika mahali nilipo, chini yake tarehe, halafu nikashuka mstari.

"Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Nikasoma nilichoandika, nikacheka peke yangu mle garini. Wewe nani? Mwanamke wa jua la njano alisema tusimwandikie mtu, na mimi nimeshamtia mtu hofu na mashaka kabla sijasema lolote. Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi zama zile hatukufundishwa namna nyingine ya kuandika habari zetu. Mwalimu alichora barua ubaoni, anwani hapa, tarehe hapa, salamu hapa, tukanakili mpaka vidole vikauma. Insha ilikuwa ya kuandika juu ya ng'ombe au faida za misitu. Mtu akitaka kuandika juu ya nafsi yake, aliandika barua.

Nami nilizizoea barua kuliko watoto wengine, kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa mama. Mama yangu alisoma Kurani vizuri sana lakini kuandika Kiswahili kulimchosha, kwa hiyo kila barua kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa Bukoba, ilipitia mkononi mwangu. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni akitaja maneno, mimi niko chini na karatasi juu ya sinia lililogeuzwa. Nakumbuka siku moja alikuwa akiumwa jino. Shavu limevimba, pamba yenye mafuta ya karafuu imo mdomoni, machozi yanamlenga, naye anasema kwa upande mmoja wa mdomo, "Andika, mimi huku ni mzima wa afya."

"Lakini mama, unaumwa."

"Andika mzima," alisema. "Barua mpaka ifike Bukoba jino litakuwa limeshang'olewa. Kwa nini nimtie dada yangu hofu kwa jambo lililokwisha?"

Nikaandika mzima. Niliona ni jambo la akili sana, na hata leo naliona hivyo. Barua ilipokuwa ikisafiri majuma, uongo ule ulipata wakati wa kugeuka kweli. Anayesoma anapata habari ya mtu mzima, na mtu mwenyewe huko aliko keshapona. Tatizo ni kwamba barua zilikwisha, ikaja simu, na sisi hatukubadilika.

Nilipofika Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nikinunua kadi za simu dukani, unakwangua, unabonyeza namba ndefu, mwanamke wa kwenye kadi anakueleza muda uliobakiwa nao, kisha unasikia mlio wa mbali na sauti ya mama. Baadaye kadi zikaondoka, tukawa tunaongea kwa simu ya mtandao bila kuhesabiwa muda. Maongezi yenyewe yalikuwa yale yale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema, alhamdulillahi. Za huko?"

"Njema mama. Mdogo wangu hajambo? Na mkewe? Na watoto?"

"Wote hawajambo, wanakusalimu. Kazi?"

"Inakwenda vizuri."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiishi naye katika nyumba ile ile tuliyokulia, na hiyo ilinipa raha kiasi. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Kila mwaka mama alisema, "Usijisumbue, sisi hatujambo, tazama kazi yako kwanza." Basi nikatazama kazi yangu. Nikasema mwakani. Mwakani ilipofika nikasema mwakani tena, na sote wawili tukawa wazima wa afya kila Jumapili kwa miaka.

Daftari niliendelea nalo. Sijui kwa nini. Labda kwa ubishi, labda kwa kuwa dakika zile za garini zilikuwa ndizo pekee za siku nilizosema Kiswahili, hata kama ni kwa kalamu. Ofisini Kiingereza. Kituoni wazee Kikachi, lugha ya Wahindi wa pwani ya kwetu, na Kiswahili kidogo, na watoto wao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa neno kwa neno, kisha wanakujibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama wanaokurudishia chenji. Besmenti ndiyo haikuwa na lugha yoyote. Kwa hiyo kila asubuhi niliegesha gari, nikamimina chai, nikaandika.

Mwaka ukapita hivyo. Ikaja ile siku ya mwishoni mwa vuli ambapo mji mzima unakumbuka kwa pamoja kubadilisha matairi, nami nikawa nimekaa gereji, kwenye kiti cha plastiki, nasubiri gari langu livishwe matairi ya baridi, yasiyoteleza kwenye theluji. Foleni ilikuwa ndefu na magazeti ya pale yote ya uvuvi. Nikalitoa daftari mkobani nikaanza kulisoma kutoka mwanzo.

Nilisoma kurasa nyingi kabla sijaelewa kinachonikera. Mimi huku ni mzima. Kazi inaendelea vizuri. Baridi imeanza kupungua. Mimi huku ni mzima. Kazi inaendelea vizuri. Baridi imeanza kuzidi. Ukurasa wa mwezi wa pili ungeweza kuuweka mwezi wa tisa na mimi mwenyewe nisingejua, isipokuwa kwa hiyo baridi. Kulikuwa na wiki moja niliyoikumbuka vizuri sana, wiki niliyolala na homa siku zote na hakuna binadamu aliyegonga mlango wangu, nikawa nanyanyuka kujipikia uji huku nimeshika ukuta. Nikaitafuta. Niliipata. Nilikuwa nimeandika, "Mimi huku ni mzima wa afya, mafua kidogo tu."

Nilipandwa na hasira pale gereji, hasira ya kweli, mpaka mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza kama wamenipandishia bei. Kumdanganya mama nilikuwa na sababu. Kumdanganya dada yake mama tulikuwa na sababu. Sasa hapa namdanganya nani, na mwenye kuandika ni mimi na msomaji ni mimi? Ningekufa mle besmenti, mtu akaliokota daftari lile akalisoma lote, angesema marehemu hakuwa na shida hata moja.

Nikiwa naendesha kurudi, ndipo nikakumbuka tunavyopashana habari kwetu. Mtu anatoka safari, unamuuliza habari za huko, anasema nzuri. Za watoto, nzuri. Za shamba, nzuri. Salamu zikishakwisha ndipo anakuambia: ila nyumba imeungua. Hajakudanganya. Nzuri si habari, ni mlango tu, na kila mtu mwenye akili anajua kusubiri ila. Mimi kosa langu lilikuwa kwamba kila asubuhi nilibisha hodi, nikajikaribisha, nikaishia kizingitini. Dakika zikaisha, nikafunga daftari, nikaingia ofisini.

Kesho yake sikuandika mahali wala salamu. Niliandika neno Ila, kwa herufi kubwa, nikalitazama kwa muda. Halafu nikaandika, "Ila tangu Jumapili sijaguswa na mtu, isipokuwa mkono wa mwenye duka aliponirudishia kadi."

Nikaufunga ukurasa upesi kama niliyeona kitu cha aibu. Lakini siku iliyofuata niliufungua tena. Ila nimekuwa nikiacha redio imewashwa nikitoka, ili nikirudi pawe na mtu anayeongea. Ila leo mwenzangu wa ofisini amenialika kwao nikasema niko bize, na sikuwa na lolote la kufanya. Ila namwonea wivu mama wa juu anayerudi jikoni, kwa sababu kuna mtu amemwomba kitu. Yalikuwa mambo madogo, hayana hata hadhi ya kulalamikiwa, na kila moja liliniuma kama mwiba unavyouma unapotolewa. Nilimkumbuka yule mwanamke wa sauti ya kubembeleza. Alisema tutaona tunavyoishi, na mimi nilianza kuona, na kwa kweli sikufurahi.

Alhamisi moja niliandika kitu juu ya kituoni. Kule kwetu baada ya majlisi kuna niyaz, chakula cha baraka, na upande wa wanawake tunaketi chini kwenye vitambaa virefu, wanne wanne kwa sinia. Mimi kwa miaka yote nilikuwa mgawaji. Nabeba masinia ya pilau, naongeza kachumbari, naokota vikombe, na watu wananiombea dua kwa kazi hiyo. Wagawaji wanakula mwisho, jikoni, wamesimama, kila mmoja na sahani yake ya plastiki. Asubuhi ile garini niliandika, "Ila nagawa chakula ili nisiulizwe nimekuja na nani." Kalamu ikasimama. Wanawake wale walikaa na mama zao, mabinti zao, mawifi zao. Sinia lina pande nne, na aliye peke yake lazima ajiingize kwenye sinia la watu. Aliyebeba sinia, hakuna anayemuuliza.

Jioni ile sikufunga aproni. Niliingia na watu, nikavua viatu, nikatafuta sinia lenye pengo. Nilikuta bibi mmoja mnene na mabinti zake wawili, nikauliza kama kuna nafasi. Bibi alinitazama kama aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Kaa," alisema. "Tulikuwa tunasubiri wa nne. Chakula kinapoa."

Nikakaa. Magoti yaliuma, hayakuzoea tena kukunjwa. Hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani. Waliniuliza kama natokea Tanga, kwa sababu ya lafudhi yangu, na bibi akasema pilau ya huku haina moyo. Tukawa tunakula, kila mmoja upande wake, na katikati ya sinia kukawa na kipande kizuri cha nyama ambacho wote tulikiona. Bibi akakisukuma kwa vidole mpaka upande wangu, bila kunitazama, huku akiendelea kumgombeza binti yake juu ya simu. Nilikila kile kipande polepole. Nilirudi besmenti na harufu ya pilau mkononi, na sikutaka kuiosha.

Hiyo ndiyo ilinipa ujasiri wa Jumapili.

Nilipiga simu wakati wa kawaida, asubuhi kwangu, alasiri kwa mama. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Akauliza habari za huku.

"Njema mama," nikasema. "Ila nina upweke."

Nilisikia kuku wa jirani, na mtu akiburuta ndoo uani.

"Umekula?" mama aliuliza mwishoni.

"Nimekula."

"Umekula na nani?"

"Peke yangu."

"Haya," alisema. Kisha akasema kuna maharage jikoni anakwenda kuyatazama, tukaagana.

Wiki ile nilijuta sana. Nilijiona mtoto mdogo, mtu mzima na nywele zangu za mvi mbili tatu nampigia mama mzee simu kumlilia. Niliandika garini kwamba mama alikuwa na haki tangu zamani, kwamba maneno mengine mtu anayang'oa kimya kimya kama jino. Niliamua Jumapili inayofuata nitakuwa mzima wa afya na mambo yaishe.

Jumapili ilipofika sikupata nafasi. Nilisema shikamoo, na mama, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha salamu ya mtu bila kuijibu, hakusema marahaba.

"Ila macho, mwanangu," alisema.

Jicho la kushoto lilianza, akaniambia, miaka mitatu au minne nyuma, likawa linaona kama kupitia pazia. La kulia likafuata. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa kuja. Sasa anaona mwanga wa mlango, na anajua mtu amepita kwa kivuli chake. Jikoni anapika kwa vidole na kwa masikio, na chumvi anaionja. Mdogo wangu alikatazwa asiniambie. Alieleza yote haya kwa sauti ya kawaida, kama anayenisomea bei za sokoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekuja."

"Ningekuja, ndiyo."

"Basi ndiyo hivyo. Uache kazi yako uje kutazama macho yasiyokutazama?" Kisha akauliza, "Na wewe kwa nini hukuniambia uko peke yako?"

"Kwa sababu ungeniambia nirudi."

Wala hatukulia. Kila mmoja alikuwa na simu sikioni, bara na bahari katikati yetu, na nilihesabu kichwani mwakani zote nilizozisema. Mama alikuwa akiona vizuri katika mwakani ile ya kwanza. Alikuwa akiona katika ya pili. Uzima wetu wa afya ulikuwa umetugharimu uso wangu machoni pake, na hakuna mtu wa kumlaumu, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake. Jumatatu niliomba likizo. Meneja alisema ni kipindi cha theluji, madai ni mengi, je siwezi kungoja? Nikamwambia siwezi, na nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nikashangaa lilivyo fupi.

Nilifika Tanga mchana. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amevaa vizuri, uso umeelekea upande wa lango lakini si pale nilipokuwa mimi. Nikamwita. Akageuka. Akanyoosha mikono akanishika uso, akaupapasa paji, pua, kidevu, polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Umekonda," alisema.

"Kina mama wote wanasema hivyo."

"Mimi nina ushahidi," akasema, akanifinya shavu.

Nilikaa naye kwa muda wote wa likizo. Kila mlo tulikula sinia moja, na alinisukumia nyama kwa kunusa. Asubuhi, kwa mazoea, nilikaa uani na daftari langu, naye akasikia kalamu. Aliniuliza ninamwandikia nani. Nikamweleza habari ya mwanamke wa jua la njano, na akaona, kama mimi, kuwa ni upuuzi mtupu, kisha akasema nimsomee. Nikaanzia mwanzo. Nilipofika pale pa hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa hivi mimi wote wako mbali na upeo wa macho yangu," alisema. "Hata wewe hapo. Soma."

Nikamsomea yote, homa na redio na mkono wa mwenye duka. Hakusema pole. Mara moja moja aliuliza jambo: theluji ikiziba dirisha, hewa inapita wapi? Yule bibi mnene, ni wa ukoo gani? Nilipomaliza akasema uji wa mgonjwa hupikwa na mtu mwingine, siyo na mgonjwa. Ndiyo neno pekee alilosema juu ya miaka yangu yote ile, na nilipolisikia nilijua amenisikia.

Nilirudi Toronto kwa sababu maisha yangu yalikuwa kule, mabaya kwa mazuri. Nilihama besmenti nikapanga chumba chenye dirisha la kweli, karibu na kituo. Alhamisi nikawa nagawa chakula wiki moja, wiki nyingine nakaa. Sikugeuka kuwa mtu mwenye marafiki wengi. Kuna jioni nyingi nilizokula peke yangu, na upweke haukuisha, ila niliujua sasa kwa sura na kwa saa zake, ukija namwandikia mama. Maana hivyo ndivyo daftari lilivyokuwa: asubuhi naandika garini, Jumapili namsomea kwa simu. Salamu tuliziacha kabisa. Alipokea simu na kusema, "Ila?" nami nikaanza. Kisha zamu yake. Ila nimeunguza mkono. Ila nimemwota baba yako. Ila leo mwanga wa mlango sikuuona. Miaka kadhaa ilikwenda hivyo, na sidhani kama kuna mtu niliyewahi kumjua kama nilivyomjua mama kwa Jumapili zile.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki nilikuwa maegeshoni, kalamu iko kwapani, simu ikaita. Ilikuwa namba ya mdogo wangu. Mdogo wangu hanipigii mimi. Ni mimi ninayempigia. Nilijua kabla sijapokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema. Za huko?"

"Njema," alisema, akavuta pumzi.

Mimi niliyezichoka salamu, niliyejifunza kuziruka mpaka mama yangu naye akaziruka, nilimkatiza. Nikamuuliza za watoto. Njema, dada. Za mkeo? Njema. Mkubwa amefaulu mtihani? Amefaulu. Mvua? Imenyesha jana. Sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini alijibu kila moja, hakuruka hata moja, maana ndivyo tulivyolelewa. Nikamuuliza za jirani mwenye kuku. Nikamuuliza za shangazi, na za wanawe, mmoja mmoja. Kioo cha mbele kilikuwa kimeziba kwa mvuke wa pumzi yangu, na wenzangu walipita nje kama vivuli wakielekea ofisini. Nikamuuliza za paka.

"Hajambo," alisema. "Amezaa."

Wote nilikuwa nimekwisha kuwaulizia, akabaki mmoja. Mdogo wangu hakunihimiza. Alishika simu akanisubiri.